Nyenje wa Nyumba Hii Hawali Chenga

Jumatatu, 8 Juni

Wakubwa wa taasisi wanakuja kwangu! Nyumbani kwangu mimi! Si kwa wifi, si kwa jirani mwenye geti jipya. Jumamosi hii msimamizi wa utafiti wa mwanangu ataingiza viatu vyake ndani ya stoo yangu, ile ile iliyokuwa na baiskeli mbovu na ndoo zisizo na vishikio.

Haya, shajara, hujambo? Nimesahau adabu kwa furaha.

Mambo yako hivi. Paa la maabara yao linavuja na mafundi wako juu. Kwa hiyo Daktari wangu kahamishia nyenje wake kwetu. (Bado hajawa daktari. Mimi namwita hivyo tangu alipomdunga mwanasesere wake kwa mwiba na kumwambia pole.) Nyenje, ndiyo. Wale wa kuliwa. Wanafugwa kama kuku, wanakaushwa, wanasagwa, na wanaliwa na watu wenye akili zao timamu. Mimi mwenyewe nimewala. Wanatafunika kama karanga zenye miguu.

Masanduku matatu ya plastiki, ndani trei za mayai za kujifichia. Mfuniko mwekundu: hao wanapewa chenga, nafaka zilizovunjwavunjwa tu, kokoto tupu. Mfuniko wa manjano: unga wa kukwaruza, wa katikati. Mfuniko wa buluu: unga laini kama poda ya mtoto. Chakula ni kile kile, kilitoka gunia moja. Tofauti ni usagaji basi. Mwanangu anataka kujua mdudu anakuaje akipewa laini na anakuaje akipewa chenga.

Nikamwambia jibu ninalo tangu siku niliyomzaa. Akacheka. Akasema eti Mama, jibu lisilopita kwenye mizani ni umbea.

Mtoto huyu! Kinywa chake ni changu kabisa.

Sasa lililo moyoni. Nafasi ya kuendelea na udaktari ni moja. Wanaoitaka ni wawili: mwanangu, na kijana mmoja anayetafiti funza. Msimamizi atapima nyenje Jumamosi mbele ya macho yake, kisha ataamua. Masanduku yakivurugika, nafasi inakwenda kwa funza. Nimeshindwa kula mchana.

Na Daktari mwenyewe kasafiri jioni hii kwenda kufundisha wafugaji mji wa mbali, mpaka Ijumaa. Kaniachia mimi! Kila sanduku na kopo lake la chakula. Nisichanganye. Nisiongeze. Kisha akanishika mabega yote mawili, akanitazama kama mimi ndiye mtoto, akasema: Mama, usiwahurumie.

Mimi? Mimi nina moyo wa jiwe.

Machozi wakati gari linaondoka yalikuwa vumbi.


Jumanne, 9 Juni

Wifi kaja. Nani kamwita? Hakuna. Dada mkubwa wa mume wangu hahitaji kuitwa, anahitaji kunusa tu. Huyu ndiye anayefuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba yake na kulisimulia kila yai kama kalitaga yeye.

Nikampeleka stoo mwenyewe. Kosa la kwanza. Nilitaka aone. Nikainua mfuniko wa buluu taratibu kama mtu anayefunua keki. Nyenje wazuri! Wanene! Wanang'aa kama viatu vya harusi. Wifi akainama kuwatazama. Nikafurahi.

Kisha akainua mwekundu bila kuomba ruhusa.

Akauliza hawa nao mbona wamedumaa. Nikamweleza kwa upole kwamba ni utafiti, hawa wanakula chenga kwa makusudi. Akatikisa kichwa kama yuko msibani. Eti ndani ya nyumba moja, wengine wanalishwa poda na wengine kokoto. Eti sasa kaelewa kwa nini kaka yake kakonda.

Kakonda! Mume wangu mkanda wake umeisha matundu!

Mimi kuambiwa nalisha kwa upendeleo. Mimi! Niliyemlea Daktari kwa kuponda kila kitu, viazi, maharage, hata ndizi iliyokwisha kuiva. Wifi akadaka hapo hapo. Akasema ndiyo, mtoto wako alitafuniwa nyama mpaka darasa la pili, shule nzima inajua.

Damu ikanipanda. Mdomo ukaenda wenyewe. Nikamwambia aje Jumamosi, awe hapa msimamizi akiwa hapa, aone kama hao wekundu hawatakuwa wakubwa kama kidole gumba.

Akauliza cha mkono au cha mguu.

Cha mguu, nikasema.

Ee Mola. Cha mguu.


Jumatano, 10 Juni

Sikupanga. Naandika ili ijulikane.

Asubuhi nilikwenda kuwalisha, kila mmoja na kopo lake, sawasawa na maagizo. Nikakaa kidogo kuwatazama wekundu. Kidogo tu. Kulikuwa na mmoja mdogo, kikoba cha mifupa. Kaokota chenga kubwa kuliko kichwa chake. Kaiburuta. Kaigeuza. Kaitafuna pembeni, haikatiki. Akaiweka chini, akainua zile ndevu zake mbili ndefu, akanitazama.

Nimezaa mimi. Najua macho ya mtoto mwenye njaa mbele ya sahani iliyojaa.

Na hapo hapo namsikia mume wangu jikoni analaani mkate mkavu, maana tangu apate meno ya bandia kila kitu kwake ni mawe. Pande zote mbili za nyumba yangu, viumbe wanashindwa kutafuna! Na mimi nimesimama na kopo mkononi kama askari wa gereza.

Nikawaza vizuri. Mwanangu alisema nisichanganye. Sichanganyi. Alisema nisiongeze. Siongezi. Kusaga hakukutajwa.

Nikashusha blenda. Ile niliyoletewa na Daktari siku ya mahafali yake, ambayo iko juu ya kabati ndani ya boksi lake na nailoni yake, ionwe na wageni. Haijawahi kuguswa na tunda. Mume wangu akasimama mlangoni na mkate wake. Akauliza kwa sauti ya mtu aliyesalitiwa: mimi mwenye meno ya kuvua na kuvaa, miaka yote hii nimeomba juisi ya papai nikaambiwa hilo ni pambo, leo limeshuka kwa ajili ya wadudu?

Nikamwambia asubiri zamu yake.

Nimesaga kopo la chenga lote. Kisha nikaliangalia kopo la manjano na ule unga wake wa kukwaruza. Ningewaacha hao, wifi angesema nini? Nimesaga na la manjano. Blenda ilinguruma mpaka ikatoa moshi, lakini unga uliotoka, shajara, hata mtoto mchanga ungempaka.

Sasa nyumba nzima tunakula sawa. Watoto wa mama mmoja, chungu kimoja. Nimelala mchana usingizi wa mtu mwema.


Alhamisi, 11 Juni

Balaa.

Unga uko kila mahali. Kila nyenje akiruka, kinainuka kiwingu. Wekundu wamekuwa weupe, wanafanana na waoka mikate. Wanapangusa nyuso kwa miguu, wanapangusa tena, hawali. Unga umeingia kwenye sponji lao la maji na sponji limekuwa donge. Pembeni ya sahani umeganda, na juu ya mgando kuna ukungu wa kijani. Kwa siku moja! Joto la stoo hilo.

Nikafikiri: mtoto akipaliwa na unga, unafanyaje? Unamkorogea uji.

Nikakoroga uji.

Ulikuwa uji mzuri, si mzito, si mwepesi. Nikaumimina kwenye sahani ya wekundu. Wakaja mbio wote kwa kiu! Nikapiga makofi. Kisha wakaingia ndani. Kwa miguu yote sita. Na nyenje, shajara, hajui kutoka kwenye uji.

Nilipiga ukelele mume wangu akaja bila meno. Tukapiga magoti wawili, yeye na kijiti cha meno, mimi na unyoya, tunavua mmoja mmoja, tunawapangusa kwa kitambaa changu cha kanisani. Mume wangu akasema toka tuoane hajawahi kuniona nimevua kitu kwa upole namna ile. Tumeokoa wengi. Wengi si wote. Waliokufa nimewafunga kwenye gazeti na sitaki kuzungumzia hilo.

Wekundu wamepungua! Jumamosi msimamizi ataona sanduku moja limejaa na jingine kama soko siku ya mvua. Nikaona afadhali kusaidiana. Nimewachukua wanene kadhaa wa buluu nikawahamishia kwa wekundu, kama watoto wanavyokwenda kukaa kwa shangazi yao likizo. Njiani wametoroka kiasi. Mmoja yuko ndani ya redio. Taarifa ya habari leo ilisomwa na watu wawili.

Nikiwa katikati ya hayo simu ikalia. Daktari! Sauti yake imechoka lakini ina furaha. Akauliza wanakula? Nikasema wanakula mno, mpaka wanaogelea.

Kisha akasema jambo lililonikausha mate. Akasema Mama, chenga zilizobaki zitunze vizuri, msimamizi lazima ataingiza mkono kwenye kila kopo, atazishika, atazipepeta, maana ndizo utafiti wenyewe.

Nikasema zipo.

Hakuna hata punje.


Ijumaa, 12 Juni

Gunia? Tupu, nimelikung'uta mpaka likapiga chafya. Nimejaribu kuurudisha unga kuwa chenga: nimeulowesha, nimeukausha juani, nimeuvunja kwa nyundo. Umetoka vigae. Nimejaribu mahindi ya kwetu kwa jiwe. Yametoka meupe, na chenga za mwanangu zilikuwa za rangi ya udongo. Saa zinakwenda. Mwanangu yuko njiani. Kila gari likipunguza mwendo, moyo unapunguza nao.

Mji huu mzima mtu mwenye chakula kilichovunjwavunjwa, cha rangi ya udongo, ninayemjua ni mmoja.

Nikaenda kwa wifi.

Nilipita njia ya nyuma na bakuli ndani ya mfuko. Nikakuta anahesabia mayai yake sifa. Nikasema wifi yangu mpenzi. Akaacha kila kitu, maana sijawahi kumwita hivyo tangu nivae pete. Nikamwambia nimepata kifaranga, naomba chakula kidogo cha kuku. Akasema kifaranga hali chakula chake, hicho ni cha kuku wa mayai. Nikasema ni kifaranga kikubwa. Akauliza kikubwa kiasi gani. Nikasema kinakaribia kutaga.

Akanitazama juu mpaka chini. Unga ulikuwa bado kwenye nyusi zangu.

Akasema atanipa, kwa sharti moja. Nitamke kwamba kuku ni bora kuliko nyenje. Hapo hapo, mbele ya kuku wenyewe.

Shajara, nimetamka. Kwa ajili ya mwanangu nimetamka, na jogoo akawika kama shahidi.

Nimejaza kopo jekundu. La manjano nimelichanganyia kidogo unga na kidogo cha wifi, likawa la katikati. Ukitazama kwa mbali, na ukiwa umevua miwani, ni vile vile.

Daktari kafika jioni. Nikamkumbatia muda mrefu kuliko kawaida ili asitazame nyuma yangu. Kaenda stoo. Nikasimama mlangoni nahesabu pumzi. Kainua mfuniko mmoja, wa pili, wa tatu. Kaangalia dari. Akauliza kwa nini dari ina unga. Nikasema ni rangi mpya, inakauka. Akashika waya wa blenda uliokuwa bado unaning'inia mezani, akaunusa, akaurudisha.

Kanawa, kala, kaniomba nimsuke nywele kwa ajili ya kesho. Nikamsuka. Mara mbili nilifungua kinywa nimwambie. Mara mbili nikauliza kama namvuta sana.


Jumamosi, 13 Juni

Naandika jioni. Nina nguvu kidogo tu.

Msimamizi ni mtu mfupi, mpole, sauti yake kama karatasi inayofunuliwa. Watu wa namna hiyo ndio wa kuogopwa. Kaja na wenzake wawili. Mume wangu kavaa koti na meno. Na wifi kafika kabla ya wote, kakaa kiti cha mbele, mguu mmoja juu ya mwingine, macho kwenye kidole changu gumba cha mguu.

Mizani ikawekwa. Hakuna aliyepumua. Walipimwa buluu. Wakapimwa manjano. Wakapimwa wekundu. Msimamizi akasoma, akafuta miwani, akasoma tena. Wote karibu sawa! Mimi ndani kwa ndani nikashangilia, nikasema haki imetendeka nyumbani kwangu. Lakini nilimwona mwanangu. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya msiba.

Msimamizi akasema ni ajabu. Akaomba makopo.

Akaingiza mkono kwenye kopo jekundu. Akapepeta kwenye kiganja. Akasimama. Akachagua kwa kucha kitu kidogo cheupe, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akauliza, kwa ile sauti ya karatasi, hiki ni nini.

Nyenje wa kwenye redio peke yake ndiye aliyejibu.

Kisha wifi akasimama. Hakuweza kujizuia! Mtu akiona cha kwake kinatukuzwa mbele ya wasomi atakaaje? Akasema kwa fahari, bwana mkubwa, hilo ni ganda la chaza! Hicho ni chakula cha kuku wangu wa mayai, hilo ganda ndilo linaloimarisha yai! Akaendelea kueleza mayai yake yanavyogongwa hayapasuki, mpaka maneno yake mwenyewe yakamfikia masikioni. Akanigeukia polepole. Akauliza: wifi, kile kifaranga kiko wapi?

Ardhi haikupasuka. Niliisubiri.

Nikasema yote. Macho ya yule mdogo, blenda, uji, unyoya, likizo kwa shangazi. Nililia mpaka msimamizi akanipa leso yake. Nikamwambia wasimnyime mtoto nafasi kwa sababu ya mama yake, maana hakunichagua, nilimchagua mimi.

Mwanangu hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akasema: Mama, zile chenga ndizo zilikuwa swali langu. Umesaga swali.

Sijui kwa nini neno hilo limenikaa kifuani hivi. Unaweza kusaga mahindi. Unaweza kusaga hata meno. Swali?

Wale wawili waliokuja na msimamizi walikuwa wameshaanza kufunga mikoba. Nikamwona akilini kijana wa funza amekalia kiti cha mwanangu, wazi kabisa. Ndipo Daktari akavuta pumzi, akamwambia msimamizi: twende sasa tukapime yale mengine.

Yale mengine?

Masanduku mengine matatu! Nyenje wa kundi moja, chakula kile kile, yapo kwenye chumba cha mlinzi wa taasisi, upande usiovuja. Wanalishwa na mlinzi mwenyewe, mzee ambaye wadudu anawachukia kwa moyo wote. Mwanangu alimchagua kwa sifa hiyo. Akaeleza wasomi mbele yangu, bila aibu: nusu nimeiweka kwa mtu anayewapenda na nusu kwa mtu asiyewahurumia, kwa sababu namjua mama yangu, alinitafunia nyama mpaka darasa la pili.

Msimamizi akacheka. Kwa mara ya kwanza sauti yake ikasikika mpaka nje.

Mwanangu kanipiga chenga! Mimi niliyemzaa! Na mpira ulikuwa miguuni mwangu wiki nzima!

Walikwenda, wakapima, akanipigia. Kwa mlinzi, walioongoza ni wa manjano, wale wa unga wa katikati. Wa unga laini walifuatia, maana unaganda, unashika ukungu, wanaukimbia. Wa chenga walianza kwa shida walipokuwa wadogo. Nafasi kapewa. Kapewa! Nilipiga vigelegele nikiwa nimekaa chini jikoni.

Lakini si bure. Waliporudi hapa kuaga, msimamizi akasema kundi moja halitoshi kuthibitisha. Nusu niliyoivuruga irudiwe upya hapa hapa stoo, kuanzia vifaranga vya nyenje, na safari hii ikivurugika, nafasi inarudi mezani na wa funza anaitwa. Na stoo iwekewe kufuli. Na ufunguo akabidhiwe mtu asiye na huruma.

Wote wakageuka kumtazama wifi.


Jumapili, 14 Juni

Sitoki nje leo. Wifi kapita barabarani mara tatu, ufunguo shingoni kama nishani.

Mume wangu kaitumia blenda. Kanywa juisi ya papai bilauri baada ya bilauri, kafumba macho. Kasema sasa anawaelewa nyenje.

Daktari kaja kukaa karibu nami kwenye mkeka. Nikamwomba radhi tena. Akanilalia begani, kichwa kizito kama zamani akitoka shule. Akasema yaliyopita si ndwele, ila ana njaa, na anaomba uji. Laini, Mama, usiwe na madonge.

Mwanasayansi mzima!


Jumatano, 17 Juni

Vifaranga vya nyenje vimefika! Vidogo kama sisimizi, ukipumua vinahama. Wifi anafungua kufuli asubuhi na jioni, mimi naruhusiwa kusimama kizingitini tu, mikono nyuma. Anawamwagia wekundu chenga kama anajenga barabara. Hawaangalii hata usoni.

Wifi nimemsamehe. Nimemsamehe vibaya lakini nimemsamehe.

Jioni ya leo kuku wake wawili walipigana huko kwake, kelele ikafika mpaka hapa. Akatoka mbio. Akaacha mlango wazi na kopo jekundu mezani.

Niliingia kulifunika tu, lisiingie vumbi. Nikachungulia wekundu. Mmoja, mdogo kuliko wote, alikuwa amesimama mbele ya chenga kama mtu aliyesimama mbele ya mlima na barua ya mwito mkononi. Akainua ndevu zake. Akanitazama.

Nimefikiri vizuri, shajara, si kwa pupa kama mara ile. Nimepima kila neno la mwanangu na la msimamizi. Nisichanganye. Sichanganyi. Nisiongeze. Siongezi. Kusaga nimekatazwa, na blenda siigusi, naapa.

Kufikicha kwa vidole hakukutajwa.

Chache tu nimezifikicha. Za juu. Wifi aliporudi nilikuwa kizingitini, mikono nyuma, nimeikunja ngumi unga usionekane. Akanusa hewa. Nikamuuliza habari za kuku.

Watakua haraka hao wadogo, naona kabisa. Msimamizi anarudi kuwakagua, na safari hii wekundu watakuwa kama kidole gumba, na sisemi cha mkono. Nimekwisha kuwaambia wote: majirani, wanakwaya, fundi wa redio, shemeji zangu wa upande wa pili, hata mlinzi asiyependa wadudu nimempelekea mwaliko. Viti nimeazima. Jumamosi, tarehe 27 Juni, saa nne asubuhi, mlango wa stoo. Waje wote.